Mifarishi ya Luna

Sikukuu ya Vibanda ilikuwa imepita, matawi yameshushwa uani na kuwa kuni, na baridi ya mlimani ilikuwa bado haijateremka mjini Monastir. Siku kama hiyo, yenye jua jeupe na upepo mkavu, ndiyo siku ya kuanika vitu vya sufu. Estreya Kasorla aliamka na jambo hilo kichwani. Alifunga kamba kutoka kwenye nondo ya dirisha mpaka kwenye mforosadi, akaipitishia kitambaa chenye maji ili isiache vumbi, kisha akaingia chumba cha ndani na kupiga magoti mbele ya sanduku la vitu vya harusi vya binti yake.

Lilikuwa sanduku la mti wa jozi, zito kiasi kwamba wakati wa kufagia huzungukwa tu, halisogezwi. Juu kulikuwa na shuka, chini ya shuka foronya zenye taraza, na chini kabisa mifarishi sita, yale mablanketi manene ya kitambaa cha atlasi yaliyojazwa sufu na kushonwa kwa mkono. Mfarishi wa kwanza, mwekundu, Estreya aliushona Luna akiwa bado ananyonya. Alikuwa akimweka mtoto kwenye titi moja na sindano mkono wa pili. Wa rangi ya maji ya bahari aliumaliza mwaka ule mto ulipofurika sokoni. Katikati ya kila mmoja alishona komamanga lililopasuka, punje zikionekana, kama mama yake alivyomfundisha, maana kila nyumba ina mshono wake.

Aliinua ule mwekundu. Akainua wa pili. Mkono wake uliposhuka tena ukagusa kitu kikavu.

Yalikuwa magunia ya mkaa. Magunia kuukuu, yamekung'utwa vizuri, yamekunjwa pembe kwa pembe, yamepangwa yakafika kimo kilekile cha mifarishi minne ili shuka za juu zisizame.

Estreya alibaki amepiga magoti. Mwizi wa kukunja magunia namna ile alikuwa mmoja tu mjini, na adhuhuri angekuja kula.

Shabetai Kasorla alikuwa fundi wa kupaka bati sufuria za shaba. Kwa mikono yake, iliyokuwa ya kijivu kwa bati, angeweza kuwa mtu mwenye nacho, maana watu wa mji mzima, Wayahudi, Waturuki na Wakristo, walimletea sufuria zao kila msimu. Lakini hela ikimfikia haikai. Mwaka juzi kuku wa Pasaka walikwenda kwa mjane wa mtaa wa chini, nyumba yake mwenyewe ikafungua sikukuu kwa mboga ya liki na mayai. Viatu vya baridi vya Estreya vilikwenda vikiwa bado na chaki ya fundi kwenye soli. Sokoni walimwita Mkono Wazi, wakisimama kwa heshima apitapo. Nyumbani mkewe alikuwa akipasua kuni akiwa amevaa kandambili za mbao na soksi mbilimbili.

Aliposikia lango la uani, hakutoka kumlaki.

"Baba Luna, njoo huku."

"Nanawa mikono."

"Utanawa baadaye. Njoo uone mwizi wetu alivyo nadhifu."

Shabetai alisimama mlangoni. Aliona kifuniko kiko wazi, akavua kofia yake, akaivaa tena.

"Nilikuwa nataka kukuambia."

"Lini? Luna akishazaa?"

"Ulikuwa mjini Kesriye, kwa dada yako, anajifungua." Alisema taratibu, akijifuta vidole kwenye suruali. "Vida, binti wa marehemu Yuda mchota maji. Kina mchumba wake walikuwa wanataka kuuvunja uchumba, siku chache kabla ya harusi. Msichana hana hata cha kujifunika. Shangazi yake analia njiani, watu wanapita. Mimi nikaja nyumbani, nikafungua hili sanduku, nikaona mifarishi sita imelala inaipasha moto kafuri ya kufukuzia wadudu. Nikaipeleka minne mlangoni kwa shangazi alfajiri, nikaondoka. Hakuna aliyeniona. Vida mwenyewe hajui imetoka wapi."

"Kwa hiyo umemvua yatima wako, umvishe yatima wa Yuda."

"Luna si yatima, Estreya."

"Ni yatima. Tofauti yake ni kwamba marehemu anakula naye mezani."

Shabetai aliinamisha kichwa. Angekuwa mtu wa kujibu, Estreya angepata mahali pa kushika. Lakini huyu ukimsema ni kama unapiga godoro.

"Wathamini wanakuja baada ya Sabato mbili," alisema Estreya. "Tulimwahidi Bulisa mifarishi sita. Sita, kwa mdomo wako, mkapeana na mkono. Nitatundika nini kwenye kamba? Magunia?"

Hapo ndipo palipouma. Huko kwao, kabla ya harusi, vitu vya biarusi hutandazwa na kutundikwa chumba kizima, wakaja wathamini, wakagusa kila kitu, wakataja bei yake, ikaandikwa kwenye hati ya ndoa. Upande wa bwana harusi wanakaa na kutazama. Kilichopungua hapo ni sababu halali ya kuondoka. Na Bulisa Aruesti, mama yake Mordo, mchumba wa Luna, alikuwa mwanamke wa kuyageuza hata mabilauri akitafuta ufa.

Luna alikuwa jikoni amesikia yote. Aliingia na beseni la maji, akaliweka mbele ya baba yake ili anawe. Maji yalimwagika kidogo sakafuni.

Kesho yake Sunhula alikuja. Huyu alikuwa dada yake Shabetai, mwanamke mnene mwenye kicheko cha puani, na kaka yake alikuwa amekwenda kwake kulia kabla ya kazi.

"Wifi, usijitie presha," alisema, akijikalisha kwenye kochi. "Kaka yangu ni mpumbavu tangu utoto. Alikuwa anawapa paka maziwa yangu. Mimi ninayo mifarishi minne, mizima, haijalaliwa. Tundika yangu. Wakishaandika, kesho yake unanirudishia. Nani atajua?"

"Mwenyezi Mungu."

"Mbali na Mungu."

Estreya alicheka bila kutaka. Lakini alilifikiria jambo lile, alilifikiria sana, mpaka birika la kahawa likamwagikia makaa. Halafu akatikisa kichwa.

"Wifi, wataiandika kwenye hati ya ndoa. Luna akiachika kesho, Mungu aepushe, au akifiwa, anadai kwa hati ile. Atadai mifarishi ya kwako? Tena mimi niliyemfundisha asitie mkono ndani ya kibaba kupunja akipima unga?"

"Haya basi, mtakatifu. Utafanya nini?"

"Nakwenda kwa Rabi. Na huyo kaka yako namshika ukosi."

Rabi Nisim aliwapokea akiwa ameweka miguu karibu na seredani ya makaa, maana baridi ya magoti yake hutangulia baridi ya mji. Mkewe alileta kahawa, akakaa na ufumaji wake pembeni, akifuma kidogo na kusikiliza zaidi. Estreya alisema yote. Alisema vizuri, kwa mpangilio, kuku wa Pasaka kwanza, viatu pili, mifarishi mwisho. Alipofika kwa Vida aliteremsha sauti, akaangalia dirisha kama limefungwa.

"Nadai irudi," alimaliza. "Ni ya binti yangu."

Rabi aliweka kikombe chini.

"Hairudi."

"Rabi!"

"Hairudi, mwanangu. Msichana ameolewa na vile vitu, vimeshaandikwa jina lake. Ukienda kuvitaka, mji mzima utajua kwamba alifunikwa kwa huruma za watu. Kumvunjia mtu uso mbele ya wengine sisi tunakuhesabu sawa na kumwaga damu. Sitaki damu. Kwa hiyo maneno haya yanaishia kwenye chumba hiki. Na wewe pia," alimwambia mkewe, naye akainamia ufumaji.

Estreya alikuja kutafuta haki, akaona anarudi mikono mitupu, na Shabetai pembeni yake anaanza kunyanyua mabega kama mtu aliyeshinda kesi.

"Wewe usinyanyuke," Rabi alimwambia. "Sijaanza na wewe. Ulipotoa, ulitoa nini chako?"

"Mifarishi, Rabi. Atlasi niliinunua kwa jasho langu."

"Na macho? Miaka yote ile ya kushona kwa taa, macho ni ya nani?"

Shabetai alimtazama mkewe.

"Wazee wetu waliona watu wa aina yako zamani sana, usidhani umeanza wewe. Wakaweka mpaka: mtu atoe sehemu ya kumi, na mwenye moyo mkubwa atoe hata moja ya tano, asipite hapo. Unajua kwa nini? Kwa sababu anayepita hapo, kesho watoto wake ndio wanaogonga mlango wangu. Na maskini wa kwanza ni yule wa nyumbani mwako. Mkeo anapasua kuni na kandambili, Shabetai. Nimemwona kwa macho yangu, nikadhani ndivyo anavyopenda."

"Sipendi," alisema Estreya.

"Na kama Mungu amempa mtu moyo usiojua moja ya tano?" Shabetai aliuliza, na aliuliza kwa kweli, si kwa ubishi. "Rabi, mimi nikiona mtu ana shida, mkono unakwenda wenyewe."

"Basi uende kwanza kwenye mfuko wako. Sisi tumefundishwa hivi: tumbo lako ulipe pungufu ya uwezo wako, mwili wako uuvishe kwa kadiri ya uwezo wako, na mkeo na wanao uwaheshimu kupita uwezo wako. Wao wanakutegemea wewe, na wewe unamtegemea aliyeumba dunia. Wewe umekwenda kinyume. Umewaheshimu watu wa mbali, ukawapunja wa karibu, na wewe mwenyewe..." Alimtazama. "Siku ya Sabato unakaa wapi?"

"Safu ya mbele, Rabi. Karibu na sanduku la Torati."

"Kiti kizuri," alisema Rabi Nisim, akachukua koleo na kuyapindua makaa. Hakusema tena jambo jingine, ila kwamba tangu siku hiyo Shabetai asitoe hata kijiko nje ya nyumba bila kumuuliza mkewe. Wakanywa kahawa yao, wakaondoka.

Njiani Shabetai alitembea hatua moja nyuma. Walipofika darajani alisema, "Mama Luna, tangulia nyumbani. Napita kwa Isak muuza vitambaa."

Kile kiti cha sinagogi alikuwa amekinunua akiwa kijana, kwa akiba ya misimu mingi. Kilikuwa na jina lake kwenye ubao, na mto wa ngozi umebonyea umbo lake. Ndicho kitu pekee alichowahi kukataa kumpa mtu. Estreya alijua hivyo, na kwa hiyo alipomwona anarudi jioni, mkokoteni wa Isak nyuma yake umebeba robota mbili za sufu na atlasi iliyokunjwa ndani ya karatasi, aliuliza swali moja tu.

"Isak ubao kashaubandua?"

"Nimeubandua mwenyewe."

Sabato ile Shabetai alikaa benchi la nyuma, jirani na mlango na jiko la kuni, pamoja na wachukuzi na yule kiziwi anayekohoa. Watu waligeuka kumtazama mpaka msomaji akapotea mahali alipokuwa akisoma. Jioni mji ulikuwa na hadithi tayari: Mkono Wazi amefilisika. Wengine walisema karata. Wengine walisema kuna mwanamke mjini Selanik. Estreya alizisikia zote kwenye hamamu, bafu la wanawake, akajimwagia maji kichwani ili asiwe na haja ya kujibu.

Waliosha sufu mtoni, yeye na Luna na Sunhula. Kazi hiyo kwa kawaida ni sherehe, na nyimbo, na halua. Safari hii waliifanya harakaharaka na vidole vyekundu. Shabetai aliichambua kwa fimbo uani baada ya kazi, manyoya yakamjaa kwenye ndevu akawa kama kondoo. Estreya alikata atlasi. Ilitosha mifarishi miwili, si minne. Sufu ingetosha, atlasi haikutosha, na cha kuuza hakikuwapo tena. Koti la baridi la Shabetai, lenye manyoya, lilikuwa limeshageuka viatu vya Estreya, vyeusi, vya kufunga kamba. Hakumwomba. Aliamka akavikuta chini ya kitanda.

Siku zilipobana, Shabetai naye alishika sindano. Mshono wake ulikuwa wa fundi wa shaba, mkubwa, uliokwenda kama nyayo za bata. Luna alitaka kuufumua. Mama yake alimzuia, kwa kuwa hapakuwa na muda.

Siku ya wathamini chumba kilinuka sabuni na jamu ya waridi. Kamba zilipita ukuta hadi ukuta: shuka, foronya, taulo za hamamu zenye nyuzi za dhahabu, na mbele, mahali pa heshima, mifarishi minne. Mzee Mazaltov, mthamini mwanamke aliyewathaminia hata bibi za watu, aliingia na mkongojo, na mwandishi nyuma yake na wino. Bulisa Aruesti alikuja na dada zake. Alikaa kwenye kiti, hakuegemea.

Kugawa jamu na maji ni kazi ya maarusi wapya wa jirani, na Sunhula, asiyejua lolote kuhusu ilikokwenda mifarishi, maana kaka yake alimwambia amegawa tu bila kutaja jina, alikuwa amemwita Vida. Estreya alimwona msichana akiingia na sinia la fedha, kitambaa kipya cha mwanamke aliyeolewa kichwani, akasema moyoni, Mungu wangu.

Vida alizunguka, kijiko kwa huyu, glasi kwa yule. Alipofika mbele ya mifarishi aliinua macho. Aliliona komamanga. Estreya alimwona anavyoliona: kwanza alitabasamu kama mtu aliyekutana na kitu cha kwake, halafu akatazama mfarishi wa pili, halafu ule wa tatu, na rangi ikamtoka usoni. Glasi zikaanza kulia kwenye sinia.

"Nahesabu minne," alisema Bulisa wakati huohuo. "Mama Luna, macho yangu yamezeeka? Tulisema sita."

Dada zake nao wakaanza kuhesabu kwa vidole.

"Macho yako mazima," alisema Estreya. "Tulisema sita. Iko minne."

"Na miwili?"

"Haipo."

"Haipo." Bulisa alimgeukia Shabetai aliyesimama mlangoni na kofia mkononi. "Baba Luna, kiti kimekwenda, koti limekwenda, mifarishi imekwenda. Ninamleta mwanangu kwenye nyumba gani? Ni karata, ni pombe, au ndiyo yale ya Selanik?"

Shabetai alifungua mdomo. Na Vida naye alifungua wake. "Mama Bulisa, mimi..."

"Vida, mwanangu," alisema Estreya, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, "maji yamekwisha. Nenda jikoni ukaongeze."

"Lakini Mama Luna, ile..."

"Jikoni, mama. Wageni wana kiu."

Vida alimtazama. Kisha akatoka, na glasi zote zilikuwa zimejaa.

Estreya alisimama mbele ya mumewe. Wiki zile alikuwa amemwita kila jina analolijua, na mengine ameyatunga. Sasa aliona ajabu namna maneno mengine yalivyokuwa yamekaa tayari.

"Mume wangu hachezi karata. Ukimnusa utanusa bati na mkaa. Hiyo miwili najua ilipo, na ilitoka kwenye nyumba hii kwa njia isiyotuaibisha, ila imetupunguza. Zaidi ya hapo usiniulize, mkwe, kwa sababu sitajibu, hata ukivunja. Na ukitaka kuvunja, vunja leo, unga haujakandwa. Sitakutundikia vya kuazima. Nilipewa nafasi hiyo, nikaikataa."

Sunhula akajikohoza.

Bulisa aliinuka. Akaenda kwenye kamba, akaushika mfarishi wa kwanza, akaugeuza upande wa nyuma, akapitisha kidole kwenye mshono. Akaenda wa pili. Alipofika wa nne kidole kikasimama.

"Nani alishona hapa? Bata?"

"Mimi," alisema Shabetai.

"Wewe? Kwa mkono wako?"

"Muda ulibana. Samahani. Sindano ni ndogo mno."

Dada mmoja wa Bulisa alicheka, akaziba mdomo. Luna alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Bulisa aliutazama mshono ule muda mrefu, akautazama mkono wa kijivu ulioshika kofia, akamtazama Estreya, viatu vyake vipya, na uso wake uliokuwa haujashuka hata kidogo.

"Marehemu mume wangu," alisema, "hakuwahi hata kunifungia kifungo." Akarudi kukaa, na safari hii akaegemea. "Andika minne. Mordo ana mwili wa moto, anatupa blanketi hata theluji ikianguka."

"Huu wa bata naushusha bei," alisema mzee Mazaltov.

"Ushushe," alisema Estreya. "Thamini unachokiona."

Kwa hiyo ukaandikwa kwa bei ya chini, na wageni wakala jamu na mayai yaliyopikwa na maganda ya vitunguu, na Bulisa akaongezewa mara mbili.

Walipoondoka, Estreya alimkuta Vida jikoni anaosha glasi zilizokwisha kuoshwa. Machozi yalikuwa yakidondokea kwenye maji.

"Nitairudisha, Mama Luna. Nitamwambia mume wangu."

"Utarudisha nini? Mimi sijakupa kitu." Estreya alichukua kitambaa, akaanza kukausha. "Inapasha moto?"

"Sana."

"Basi usiianike jua kali, atlasi ile inapauka."

Alimsindikiza mpaka langoni. Aliporudi, Shabetai alikuwa ameketi chini ya kamba, manyoya ya sufu bado kwenye kola yake. Alimtazama mkewe kama mtu anayengoja hukumu ya pili.

"Umenisamehe?"

"Bado," alisema Estreya. Akamwekea mkate na liki, akakaa mbele yake. "Kula kwanza. Mwaka ujao kazi ya bati ikienda vizuri, nitakuambia moja ya tano ni kiasi gani, na tutaitoa pamoja. Nataka na mimi nilie njiani na yule shangazi, si nikute magunia."

Shabetai alitafuna. "Na kile kiti?"

"Benchi la nyuma lina joto, liko karibu na jiko. Sogeza hiyo sahani, Luna naye hajala."

Akaisogeza.